Sentimita Thelathini na Tatu za Uzi

Jumamosi tulimzika Sista Nafula huko Yamumbi, nyuma ya nyumba yake, chini ya wingu zito lililotutisha mchana kutwa na lisinyeshe. Watu wa thieta, chumba cha upasuaji alichokiongoza, walikuwa wengi kuliko watu wa kanisa. Walisimama upande mmoja, mikono wameikunja mbele ya kifua, kwa ile tabia isiyomtoka mtu aliyezoea kunawa hadi viwiko na kuogopa kugusa chochote. Mimi nilitoka thieta zamani, siku hizi naandika vitabu, lakini nilipotazama chini nikaona mikono yangu nayo imejikunja vilevile. Sikulia. Wiki mbili kabla, Sista alikuwa ameniita chumbani kwake, akaniambia jambo moja na kuniuliza swali moja, na tangu siku hiyo nimekuwa kama mtu aliyezabwa kofi ambaye bado anasubiri shavu lianze kuuma. Siwezi kulieleza jambo hilo bila kuurudia mwaka wangu wa intani, ule wa mazoezi hospitalini. Mwaka huo nilikuwa daktari kwa cheti, lakini mikono yangu ilikuwa bado haijui kitu.

Tuliishi Pioneer, mimi na Kiprop, intani mwenzangu, katika nyumba ya vyumba viwili na jiko ambalo mlango wake haukufungika. Kila mguu wa kiti katika nyumba ile ulikuwa umezungushiwa nyuzi za upasuaji, fundo juu ya fundo, kwa sababu tulifanyia mazoezi popote palipofungika. Kila Alhamisi Kiprop alinunua matumbo kwa muuza nyama wa hapo mtaani, tukayatandaza juu ya sinia, tukayapasua kwa wembe na kuyashona, tukayapasua tena na kuyashona tena. Tukimaliza tuliyaosha, tukayakaanga na nyanya na dania, tukayala na ugali. Jioni moja aliuvuta uzi wa buluu kutoka katikati ya meno yake, mrefu kama kiatu, akauinua kwenye taa. "Atis," aliniambia, maana jina langu Atieno lilimchosha, "hii kazi ni yako. Yangu haingetoka kwa kutafunwa." Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta. Ukutani hapo, juu ya jiko, palikuwa na msumari, na kwenye msumari ulining'inia uzi ambao tuliuita mkia.

Mkia ni kipande cha uzi kinachobaki mkononi ukimaliza kufunga tumbo. Kwetu sisi intani ulikuwa kama medali. Daktari wa zamani, aliyestaafu mwaka huo, alipenda mkia mrefu. Alituambia fundi mzuri haharibu uzi, na kwa kuwa wengi wetu tulikuwa tumelelewa na watu wanaokata nguo kwa uangalifu, tuliona maneno hayo hayana haja ya ushahidi. Aliyemaliza haraka, akakaza vizuri, akabakiza mkia mrefu, ndiye fundi. Mkia wa Kiprop ulikuwa sentimita thelathini. Tuliupima kwa rula ya shule, akaupachika msumarini, na kila asubuhi nilipokuwa nikichemsha chai ulinitazama.

Kisha akaja Daktari Omolo, mtu wa kando ya ziwa, mpole, mwenye sauti ndogo iliyokulazimu usogee ili umsikie, na akaugeuza ulimwengu wetu juu chini. Alisema mkia mrefu ni dalili ya kazi mbaya. Tumbo, alitueleza, halishikwi na ngozi. Linashikwa na utando mweupe, mgumu, unaopita katikati kutoka kifuani hadi kinenani, na huo ndio tunaoukata na huo ndio tunaopaswa kuurudisha. Uushone kwa hatua ndogondogo, nusu sentimita, nusu sentimita, karibu na ukingo. Usiukaze. Kingo zikutane, zisinyongane. Mgonjwa ataamka, tumbo litajaa hewa, atakohoa, na uzi uliokazwa utaanza kukata nyama kama waya unavyokata sabuni. Na njia ya kujua kama umeshona hivyo ni moja: pima uzi uliotumia. Lazima uwe angalau mara nne ya urefu wa jeraha. Kwa mzee, kwa mwenye kikohozi, kwa aliyekonda, kwa aliyejaa usaha tumboni, huko ndiko alikotaka tupime kama tunapima dawa ya mtoto. Aliomba mwaka mmoja wa kujaribu mtindo wake. Sista Nafula, mkuu wa thieta, alibandika plasta nyeupe kwenye ukingo wa meza ya vyombo, akaichora sentimita kwa kalamu, na kila tumbo lilipofungwa aliunyoosha mkia hapo, akatoa hesabu, akaandika katika daftari lake la jalada jekundu. Kama uzi uliotumika haukufika mara nne, ulifungua ukaanza upya.

"Huyu ametuletea ushonaji wa sweta," Kiprop alisema tukila. Tulikuwa vijana, na polepole ilionekana kwetu ni uzee.

Mzee Barasa aliletwa mchana kutoka Chepsaita, kidonda cha tumbo kimetoboka siku mbili nyuma. Alikuwa na kisiagi cha mahindi, na unga wa miaka thelathini ulikuwa umemkaa mapafuni. Alikohoa hata akiwa amelala. Mbavu zake ungezihesabu ukiwa mlangoni. Daktari Omolo alimpasua, akaziba tundu, akaosha tumbo kwa maji mengi hadi yakatoka safi. Halafu akaitwa thieta ya pili, kwa mama aliyekuwa akivuja damu, akanitazama juu ya barakoa. "Daktari Atieno, umfunge. Huyu ndiye yule tuliyekuwa tunamzungumzia. Polepole." Akatoka.

Jeraha lilikuwa sentimita ishirini. Nilikuwa na nyuzi mbili, za sentimita sabini kila mmoja, mmoja kutoka juu, mwingine kutoka chini, zikutane katikati. Nilianza vizuri. Naapa nilianza vizuri. Nilishona hatua ndogo nne, tano, kisha shingo ikaanza kuuma, na kingo za mzee yule zilikuwa laini, na mkono wangu, uliofundishwa na matumbo ya Alhamisi, ukaanza kwenda wenyewe, hatua ndefu, vuta, kaza, hatua ndefu, vuta, kaza. Ilikuwa raha. Tumbo lilijifunga mbele yangu kama zipu. Nilipofika katikati nilikuwa na mkia pande zote mbili, na nilijua bila kupima kwamba Sista akiunyoosha kwenye plasta yake ataniambia nifungue. Nilijua pia kwamba Kiprop hajawahi kuwa na mkia kama huu. Mawazo hayo mawili yalikuja pamoja, na hadi leo sijui lipi lilitangulia. Sista alikuwa amenipa mgongo, akihesabu vitambaa. Nilikata kipande kirefu, nikakikunja kiganjani, na nilipovua glavu ya kulia niliivua kwa kuigeuza ndani nje, kama tunavyofundishwa, uzi ukiwa ndani yake. Glavu ya kushoto niliitupa kwenye ndoo. Ya kulia niliitia mfukoni mwa suruali.

Sista alinyoosha kilichobaki. "Hamsini na saba," alisema. Akapiga hesabu midomo ikicheza. "Umetumia themanini na tatu. Mara nne na kitu. Wewe msichana unajifunza." Akaandika. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimetumia hamsini, mara mbili na nusu. Jioni ile Kiprop alipima mkia wangu: thelathini na tatu. Aliushusha wake msumarini, akaupachika wangu, akaniinamia kama mtu anayemsalimu chifu.

Kwa siku nne Mzee Barasa alikuwa mgonjwa wangu nimpendaye. Alikaa kitanda cha dirishani, mkewe Mama Rael akimnywesha uji kwa kijiko, akisimulia habari za Chepsaita kwa sauti iliyofanya wodi nzima inyamaze. Alikuwa msimulizi wa ajabu, mama yule. Wagonjwa wa mbali walijivuta wakae karibu.

"Mama, punguza," Mzee alimwambia, mkono juu ya bandeji. "Utaniua na vicheko."

"Ukifa nitamsimulia nani? Kunywa uji."

Siku ya tano bandeji ililowa. Mama Rael ndiye aliyeniita. Haikuwa damu, haikuwa usaha; ilikuwa maji ya rangi ya yale tuliyosuuzia nyama pale Pioneer, mekundu yaliyofifia. Kila kitabu cha upasuaji kina sentensi moja juu ya maji hayo: yakionekana, utando wa chini umeanza kuachia, hata kama ngozi juu imefunga. Mwite mkubwa wako. Nilibadilisha bandeji. Nikamwambia Mama Rael ni maji tu ya kidonda. Nikaenda kunawa, nikanawa kwa muda mrefu sana, na sikumwita mtu.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa kitanda cha jirani. Mama Rael alikuwa amemwinua mumewe kidogo, kikombe mkononi, na alikuwa anasimulia jinsi shemeji yao, aliyeachiwa kisiagi, alivyofunga mkanda wa mashine kinyume. Katekista alikuwa amepita kuchukua unga wa matanga, amevaa suti nyeusi tayari kwa mazishi. "Shemeji akawasha. Badala unga ushuke kwa gunia, ukapanda juu wote. Baba, yule katekista alitoka hapo mweupe pe. Suti nyeupe, nywele nyeupe, ndevu nyeupe. Na amechelewa, hana saa ya kujipangusa. Sasa akaingia kwa mazishi hivyo, jeneza liko juu ya kaburi, wanakwaya wanaimba, na akainua mkono akasema, bwana asifiwe, na wale watu..."

Mzee Barasa alicheka. Kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikamkunja, na nikasikia sauti ambayo sijawahi kuiandika katika kitabu chochote, sauti ndogo, ya kitu chenye maji kinachoachia. Alitazama chini. Kisha alinitazama mimi, bila woga, kwa mshangao tu, kama mtu aliyekuta mlango wake wazi. "Daktari," alisema, "nimefunguka."

Juu ya shuka, matumbo yake yalikuwa yanang'aa. Yalikuwa yakisogea polepole, yenyewe, kama hayajajua kwamba yako nje. Nimeona mengi kabla na baada, lakini mwili wangu bado unaishi katika dakika ile. Masikioni nilisikia mafuta yakichuruzika katika sufuria ya Pioneer. Muuguzi mmoja alinisukuma kando, akamwaga maji ya chumvi juu ya vitambaa safi, akafunika. Mama Rael alikuwa bado ameshika kikombe cha uji. Hakikumwagika hata tone. Walipomsukuma Mzee kuelekea thieta alinifuata ukumbini, akanishika mkono. "Daktari, nini imefanyika? Niambie. Nini imefanyika?"

Nilimjibu. Hilo ndilo nililolificha chini kuliko uzi wenyewe. Nilimwambia, "Ni kile kicheko, Mama. Kimesukuma tumbo." Akauachia mkono wangu.

Thieta, Daktari Omolo aliufungua mstari wangu na kuuangalia. Uzi ulikuwa mzima. Haukukatika popote. Nyama ndiyo iliyokatika, kwa hatua zile ndefu, kila tobo limerefuka kuwa mpasuko. Safari hii kingo zilikuwa zimechakaa, hazingeshika zenyewe, kwa hiyo alipitisha nyuzi nene kutoka ngozi hadi ngozi, na kila uzi akauvalisha kipande cha mpira usimchune mgonjwa. Mzee aliishi siku kumi na moja akiwa amefungwa hivyo, hawezi kukohoa kwa maumivu, na kwa kuwa hakuweza kukohoa mapafu yakajaa. Alikufa asubuhi, Mama Rael akiwa kando yake, haongei.

Siku mbili baadaye tulikaa katika chumba cha madaktari, chai ikipoa katika vikombe. Daktari Omolo alifungua daftari jekundu. "Ishirini, themanini na tatu," alisoma. "Kipimo kilikuwa sawa na tumbo likafunguka. Basi kwa watu wenye vifua kama vya huyu mzee, nilikosea. Kuanzia leo wenye kikohozi wote tutawafunga kwa nyuzi nene zenye mipira, kama zamani." Alisema hivyo bila uchungu, kama mtu mwaminifu anayekubali ushahidi. Kitandani, wodi ya wanawake, palikuwa na mwalimu aliyekonda kwa homa ya matumbo, aliyekuwa apasuliwe mchana huo. Nilimwona moyoni akiwa na ile mipira. Mkia ulikuwa mfukoni mwangu. Niliutoa msumarini usiku wa siku aliyokufa Mzee, na Kiprop hakuniuliza. Niliuweka mezani, juu ya daftari.

"Huu pia ulibaki," nilisema. "Thelathini na tatu. Niliuficha."

Chumba kilikuwa na watu sita. Kiprop alitazama viatu vyake. Sista Nafula alitazama sinki. Daktari Omolo alichukua kalamu, akatoa, akagawanya, na niliona midomo yake ikisema: mbili na nusu. Nilitarajia anifukuze. Alisema kwa ile sauti ndogo, "Sogea karibu." Nikasogea. "Mchana utamfunga yule mwalimu. Nitasimama nyuma yako. Sista atapima, na wewe utasoma kwa sauti." Nilimfunga kwa saa nzima na nusu. Mkia uliobaki ulikuwa mfupi kuliko kidole. Mwalimu yule alienda nyumbani kwa miguu yake, na mtindo wa Daktari Omolo haukufutwa. Mwisho wa mwaka niliacha upasuaji. Nilijiambia kwa miaka yote kwamba nilisema ukweli, kwamba kati ya mabaya yote ya mwaka ule, lile moja nililitengeneza.

Hivyo ndivyo nilivyoamini hadi Sista Nafula aliponiita Yamumbi. Alikuwa amelala upande, redio imezimwa, mto chini ya tumbo lililojaa ugonjwa. Hakupoteza muda kwa salamu. "Atieno, siku ile nilikuta glavu moja tu kwa ndoo, ya kulia haikuwepo. Saizi sita na nusu. Nani mwingine thieta alikuwa na mikono kama ya mtoto?"

Nilidhani homa ndiyo inaongea. Haikuwa homa.

"Nilijua umebeba uzi. Nilifikiria ni ule mchezo wenu, nikasema, wacha watoto wacheze. Nilikuwa nimeshaandika, na kitabu changu kilikuwa hakijawahi kufutwa. Tumbo likafunguka. Nikangoja useme. Uliposema, nikatazama sinki." Alifunga macho. "Ulisimama peke yako kwa jambo la watu wawili."

Kwa miaka yote nilikuwa nimemweka mwanamke huyu juu, mahali pasafi, kama ile plasta nyeupe. Na kabla sijaanza kumkasirikia au kumwonea huruma, akafungua macho tena, akauliza: "Na Mama Rael? Ulimwambia?"

Tulikuwa watu sita chumbani siku ile, tukausikia ukweli, tukaumeza na chai. Hakuna aliyekwenda Chepsaita. Hata mimi.

Nilikwenda jana. Kisiagi bado kipo, sasa ni cha mtoto wake, na Mama Rael alikuwa ndani, kwenye kigoda, anachambua maharagwe katika ungo. Amekuwa mdogo sana. Nilimwambia jina langu, akanikumbuka mara moja, akaniita Daktari, akaniagizia kiti. Sikukaa. Nilimwambia nikiwa nimesimama, kwa maneno rahisi, jinsi nilivyoshona, jinsi nilivyoficha, maji niliyoyaona siku ya tano, na lile nililomwambia ukumbini.

Vidole vyake viliendelea kuchambua kwa muda. Kisha vikakoma.

"Kwa hivyo si mimi."

"Si wewe, Mama. Hangefunguka kwa kicheko kama ningemshona vizuri."

"Mimi sijasimulia mtu kitu tangu siku hiyo," alisema. "Hata wajukuu. Wanasema nyanya yao ni mkali." Alinitazama, na sikuona msamaha machoni mwake, wala sikuona hasira, ilikuwa ile sura ya Mzee, ya mtu aliyekuta mlango wazi. "Toka nje kidogo, Daktari. Nataka kukaa na Mzee wangu."

Nilitoka, nikasimama karibu na ukuta wa mabati uliopauka kwa unga. Mashine ilikuwa imezimwa. Nilimsikia akikohoa, akinyamaza. Halafu sauti yake ikaanza, chini, ikikwama, kama mashine ambayo haijawashwa kwa muda, halafu ikapata mwendo: shemeji, mkanda uliofungwa kinyume, katekista mweupe pe, jeneza juu ya kaburi, mkono umeinuliwa, bwana asifiwe. Alipofika mahali alipokatizwa, alitulia. Nilishika bati kwa mikono miwili.

"Na wale watu wakakimbia, Baba," Mama Rael alisema. "Kwaya, wafiwa, wachimbaji, wote. Aliyebaki hapo ni marehemu peke yake."